Barua kwa Mdogo Wangu: Nani Anakupa Jumapili Yako?

Mdogo wangu mpendwa,

Jumamosi iliyopita nilipokuja kwako Umoja, ulinipakulia chakula nikashiba, kisha wewe mwenyewe ukala mabaki ya watoto ukiwa umesimama kando ya sinki. Chai uliyojimiminia kabla sijaingia niliikuta mezani wakati wa kuaga, imepoa na kufanya utandu juu. Sikusema neno mbele ya watoto, lakini nimeona afadhali nikuandikie, tena hadharani, kwa kuwa najua kina mama wengi wa Nairobi ambao chai yao huishia hivyo.

Ulinionyesha kijitabu cha kliniki, ulichokivalisha jalada ili kisichafuke. Chanjo ya surua ya miezi 9 imetiwa tarehe, na ile ya miezi 18 umekwisha kuiwekea kumbukumbu kwenye simu. Nilikusifu, na bado nakusifu. Lakini kijitabu kile ni cha mama na mtoto, na kurasa zake za mwanzo ni zako. Nilipozifungua, sikuona chochote kilichoandikwa baada ya siku uliyojifungua. Presha yako ilipanda ulipokuwa mjamzito, na mwanamke aliyepatwa na hali hiyo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua presha na maradhi ya moyo miaka ya baadaye. Hata hivyo hujarudi kupimwa. Wala hujawahi kuchunguzwa mlango wa kizazi, ingawa mabadiliko yake yakigunduliwa mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani.

Kila Jumapili yaya wako huenda kanisani na kwa jamaa zake, nawe humpigii simu hadi jioni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na wewe unaitii bila kusukumwa na mtu, kwa sababu unaelewa kwamba anayefanya kazi mfululizo huchoka hadi akawakaripia watoto bure. Mbona huruma hiyo hukujiwekea nawe? Hakuna sheria itakayokupa Jumapili yako, kwa hiyo huna budi kuitunga mwenyewe.

Utaniambia kwamba Mama alitulea sote bila kupumzika. Mama alikuwa na shangazi upande mmoja wa ua na nyanya upande wa pili, na tulikula katika nyumba yoyote iliyokuwa na moshi. Wewe uko orofa ya nne, humjui jirani yako kwa jina, unatoka saa kumi na moja alfajiri ili msongamano wa Jogoo Road usikukute, na unarudi giza limeingia. Mzigo waliobeba watu watano unaubeba peke yako. Shemeji si mtu mbaya. Mpangie saa zake na watoto, umtajie waziwazi, badala ya kungoja atambue mwenyewe.

Jumamosi ijayo nitafika saa mbili asubuhi. Uende kliniki kwanza upimwe presha na uulize kuhusu uchunguzi ule, kisha upite Arboretum ukae chini ya miti, au urudi kwangu ulale, ufunguo nitakuachia. Watoto nitawalisha mimi. Tafadhali usirudi kabla ya saa tisa.

Akupendaye,
Dada yako