Karna tunamsamehe upesi mno

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita juu ya Karna imenigusa, na imeniudhi pia. Mwandishi wenu amemlilia shujaa huyo wa Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Kihindi, mwanzo hadi mwisho: Kunti, mama yake, alivyomtupa mtoni angali kichanga, alivyolelewa na mwendesha magari ya farasi, alivyoaibishwa uwanjani kwa kutoweza kutaja ukoo wake. Yote kweli. Hata mimi, nikifika pale Kunti anapomwendea vita vikiwa vimeiva, naye Karna, aliye upande wa maadui wa Wapandava, wale ndugu watano ambao Kunti anawaita wanawe, akamwahidi kwamba iwavyo iwavyo atabaki na wana watano, roho huniuma.

Lakini kuna lile baraza la Hastinapura, mji wa kifalme, na makala imepita pale mbio mbio.

Yudhishthira, mkubwa wa Wapandava, amecheza dado na Shakuni, mjomba wa Duryodhana, adui yao na rafiki wa Karna. Amepoteza mali, ufalme na ndugu zake wanne, akajipoteza mwenyewe, ndipo akamweka dau Draupadi, mke wa ndugu hao wote watano. Draupadi anaitwa barazani, naye yumo katika siku zake, amejifunga vazi moja tu. Haendi. Anamrudisha tarishi na swali: kamuulize huyo mcheza kamari, alitangulia kumpoteza nani, yeye au mimi? Maana aliyekwisha kuwa mtumwa ana mamlaka gani ya kumweka mwenzake dau? Dushasana, mdogo wake Duryodhana, anakwenda kumburuta kwa nywele. Mbele ya wazee analirudia swali lile lile, na Bhishma, babu wa ukoo mzima, anasema jambo hili ni gumu, hawezi kulijibu. (Hapo ndipo nilipomvua Bhishma cheo, na sijamrudishia.)

Anayesimama ni Vikarna, mdogo mwingine wa Duryodhana. Mbele ya kaka yake, huku wakubwa wote wamefunga midomo, anasema Draupadi hakushindwa kihalali: aliyemweka dau alikwisha kujipoteza, na ni Shakuni aliyemtaja kwanza. Nani anamkemea? Karna. Anamwambia yeye ni mtoto, hajui lolote, anamwita Draupadi kahaba kwa kuwa ana waume watano, kisha anaagiza wavuliwe nguo, yeye na waume zake.

Najua nitajibiwa kwamba alijuta. Alijuta, ndiyo. Kabla ya vita anamwambia Krishna, rafiki wa Wapandava, kuwa maneno makali aliyowatolea Wapandava aliyasema ili kumfurahisha Duryodhana, na sasa yanamchoma. Wapandava, yaani wanaume watano. Draupadi hatajwi hapo. Angekuwa bingwa wa wanyonge kama mlivyoandika, huyo ndiye angeanza naye.

Nafasi ikipatikana, tuandikieni basi juu ya Vikarna. Alipigana upande wa kaka zake, akauawa na Bhima, mmoja wa Wapandava, siku ya 14 kati ya siku 18 za vita vya Kurukshetra, na Bhima, aliyeapa kuwamaliza ndugu wote mia, yaani Duryodhana na wadogo zake, alimsikitikia huyo mmoja. Hapo mwandishi wenu alie atakavyo, sitalalamika.

Msomaji wenu,
Tanga