Pikipiki iliyozoea Dar si tayari kwa Kitonga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie vijana watakaopanda pikipiki zao za cc 125 na 150 kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Njombe na Mbeya kwa sikukuu za Desemba. Kila mwaka wanahimizwa kupunguza mwendo, basi. Ushauri huo ni mzuri lakini hautoshi. Ruaha Mbuyuni ni bondeni, takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari, joto la mibuyu. Hazipiti kilomita 200 uko Mafinga, karibu mita 1,900, na Desemba huko mvua imeshachanganya. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6 hivi, na hapo upepo wa mwendo haujahesabiwa.

Anza na cheni. Wengi huikaza pikipiki ikiwa tupu, kisha wanafunga begi na gunia nyuma. Mzigo ukikandamiza shokapu, cheni inazidi kukaza, inakula spoketi na beringi. Pikipiki nyingi za aina hii zinataka ilegee milimita 20 hadi 30 katikati. Ipake oili ingali na moto ukisimama, maana ndipo inapenya. Ikinyesha, usingoje zile kilomita 500 za kawaida ndipo uipake tena, mvua imeshaiosha. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, si baada ya saa mbili za lami ya moto. Paundi 25 mbele na karibu 32 nyuma ukiwa na mzigo ni kadirio la kawaida, ila kibandiko cha pikipiki yako ndicho cha kufuata. Tairi la nyuma lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa huzunguka ndani ya ringi na kung'oa mpira wa valvu. Hapo pachi haisaidii, kwa hiyo beba tyubu nzima.

Mikumi pita mchana. Hifadhi inakatwa na barabara kwa kilomita 50 hivi, na tembo gizani humuoni mpaka umemfikia.

Mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, ndiko kazi iliko. Wakati wa kupanda, kujibanza nyuma ya lori linalotambaa kunaipikia injini moto, kwa sababu inapozwa na upepo tu na upepo haupo. Afadhali utafute mahali pana, usimame pembeni dakika kumi na injini umeizima. Kwenye kona kaa mbali na mstari wa katikati, na angalia dizeli iliyomwagika. Mvua ya kwanza ikiigusa, lami inateleza kuliko tope. Wakati wa kurudi, teremka na gia ya pili. Wanaoweka gia huru ili kubana mafuta wanaziachia breki shuu kazi yote. Zikishachemka hazishiki hata ukanyage vipi. Kanyaga, achia, kanyaga tena.

Koti la mvua livae Ilula, kabla hujaanza kutetemeka. Vidole vikifa ganzi vinachelewa kufika kwenye breki, na mwili uliokwisha kupoa haupati moto kwa koti pekee. Vaa mfuko wa plastiki juu ya soksi, ndani ya buti. Kifuani weka gazeti (hata hili lako, Mhariri, likishasomwa) maana linazuia upepo vizuri ajabu. Kuelekea Makambako ukikuta ukungu, washa taa ya chini. Ile kubwa inakurudishia weupe machoni.

Huko juu pikipiki itapungua nguvu. Hewa ni nyepesi, petroli inazidi, plagi inaingia masizi. Safisha filta ya hewa, na kama injini inazimika ukiachia mafuta, ongeza kidogo skrubu ya kabureta, ile inayopandisha mzunguko wa injini ikiwa imesimama. Fundi wa huko akikushauri kubadili jeti kubwa ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) aweke yenye tundu dogo zaidi, kwa safari ya wiki moja kataa. Ukiteremka nayo hadi Dar, mchanganyiko unakosa petroli, injini inachemka, na pistoni inaweza kuungua. Ukiwa umeshabadili, ile ya zamani idai uondoke nayo, uirudishe kabla hujateremka Kitonga.

Fundi pikipiki,
Iringa