“Atafute ushauri nasaha,” kisha afanye nini?

Kwa Mhariri,

Habari nyingi za mtu aliyelemewa na mawazo hufungwa kwa sentensi moja: “atafute ushauri nasaha.” Msomaji wa Kayole au Kawangware huachwa hapo, bila kuambiwa atakachokikuta nyuma ya mlango huo. Tena jina lenyewe linapotosha. Ushauri ni mawaidha, nasaha nayo ni mawaidha, basi mtu huja akitarajia kuwaidhiwa mara mbili. Asipowaidhiwa, harudi.

Kikao huchukua takriban dakika 50, mara moja kwa wiki, na huzuni au wasiwasi usiokithiri mara nyingi huhitaji vikao 6 hadi 12. Cha kwanza karibu chote ni maswali: usingizi, chakula, pombe, madeni, nani yuko nyumbani. Huenda ukapewa dodoso la PHQ-9, karatasi ya kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likiwa na alama 0 hadi 3. Ukifikisha 10, unastahili kuchunguzwa zaidi. Dodoso peke yake si hukumu. Swali la tisa huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujiumiza, na jibu lolote lisilo sufuri hufuatiliwa papo hapo, hata jumla ikiwa ndogo. Wengi hudanganya hapo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na ingawa Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025, hofu ya polisi haijawatoka watu.

Kazi yenyewe huanza na maneno. Jijini hapa kila kitu ni “stresi”: kodi ya nyumba, bosi, mume, matatu iliyokwama. Neno moja kwa mambo kumi halimsaidii mtu, kwa sababu kila hisia ina dawa yake. Hofu hupungua ukikisogelea kidogo kidogo kile unachokiogopa. Hatia hutaka kuomba radhi na kurekebisha palipoharibika. Majonzi hutaka muda na watu wa kukaa nao. Fedheha hutaka mtu mmoja mwaminifu aisikie; ukiitibu kama hasira, unaishia kugombana na watoto. Na Kiswahili hakina uhaba: kinyongo, jakamoyo, simanzi, fadhaa, kijicho.

Ndiyo maana mtaalamu hukutuma nyumbani na daftari. Chora safu nne: kilichotokea, nilichohisi, kwa uzito gani kati ya 0 na 10, na nilichofanya. Mistari miwili au mitatu kwa siku inatosha, iandikwe mapema baada ya tukio, maana ukingoja usiku utaandika uchovu. Kosa linaloharibu madaftari mengi ni kuandika “nilihisi wananidharau.” Hiyo si hisia, ni dhana juu ya watu wengine, hisia ni fedheha, au uchungu. Dhana hupimwa: nani alisema nini hasa? Hisia haipimwi hivyo, hutajwa na kukubaliwa. Wiki za mwanzo mtu huenda akajisikia vibaya zaidi, kwa sababu alichokuwa amekikalia sasa anakitazama, na hapo ndipo wengi hukatiza.

Dawa za sonona nazo zina mtego kama huo. Kichefuchefu na maumivu ya kichwa hutangulia. Nafuu huja polepole, aghalabu kati ya wiki ya pili na ya sita. Anayeacha siku ya kumi ameonja ubaya wake tu. Aliyepata nafuu naye huendelea kuzimeza kwa takriban miezi 6 au zaidi, kisha daktari humpunguzia kidogo kidogo.

Basi pale panapoandikwa “atafute ushauri nasaha,” wahariri waongeze mistari michache: kwamba namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo; kwamba Hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika, huwaona pia wagonjwa wasiolazwa; na kwamba mteja ana haki ya kuuliza, kabla hajalipa, kama mshauri amesajiliwa, ada ni kiasi gani na vikao vitakuwa vingapi.

Mshauri nasaha,
Nairobi