Risala ya Wamiliki wa Ardhi ya Malisho, Simanjiro, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kijiji, viongozi wetu wa mila malaigwanani, akina mama na vijana, tunakukaribisha kwa heshima zote.

Historia yetu ni fupi. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia hutoka Hifadhi ya Tarangire kuja kuzalia kwenye nyasi fupi za Simanjiro, zenye madini anayoyahitaji jike anayenyonyesha. Mwaka 2005 kijiji cha Terrat kilianza kulipwa na kampuni za utalii ili mbuga isilimwe, mifugo ikiendelea kuchungwa. Nasi tukafuata, na mafanikio hayana kifani: mawe ya mpaka yamepakwa chokaa, daftari la doria linajazwa, na ubao wa matangazo umesimikwa.

Mheshimiwa, kilichotuleta ni malipo. Fedha huja kwa mkupuo mmoja, kwenye akaunti ya kijiji, Februari au Machi. Trekta huanza kulima Novemba. Anayetafuta shamba la maharage la kukodi hutoa taslimu kabla trekta halijawashwa, na mwenye ekari hana cha kumjibu. Tena mwenye ekari kwenye mapito ya nyumbu hubeba hasara peke yake, huku faida ikigeuka madawati ya wote. (Madawati tunayashukuru sana.)

Tunaomba mkataba wa kaya kwa kaya. Ekari zipimwe kwa GPS, mume na mke wote watie sahihi. Malipo yawe mara tatu: Oktoba kabla ya trekta, Januari na Julai shule zikifunguliwa, mbele ya mkutano, majina na ekari yakiwa yamebandikwa ubaoni. Askari wa wanyamapori wa kijiji wakague kila mwezi kama kuna jembe, uzio au tanuru la mkaa. Aliyelima ekari mbili akatwe za ekari mbili. Kijiji kizima kikinyimwa kwa kosa la mmoja, msimu ujao wote watalima.

Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Nairobi, kaya zililipwa hivyo kuanzia 2000: dola 4 kwa ekari kwa mwaka, kwa awamu tatu zilizofuata mihula ya shule. Kilichouponza mpango ule ni kutegemea wafadhili. Ndiyo maana tunaomba sehemu ya tozo ya kila mgeni anayelala kambini iingie kwenye mfuko, wenye akiba ya kulipa miaka miwili hata watalii wasipokuja.

Tafadhali tusijibiwe kwamba kipo kifuta jasho. Hicho hutoka tembo akishapita shambani, nacho ni pole, si kodi ya ardhi.

Mgeni aliyekutangulia hapa alituambia suala hili liko mezani. Tunaamini meza hiyo ni pana sana. Kwa kukupunguzia usumbufu, rasimu ya mkataba, nakala nne, tumeiweka mbele yako pamoja na kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.