Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: rejista ya likizo ikaguliwe kwanza

Ndugu Kamishna,

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo kwa malipo, sikukuu zikihesabiwa humohumo. Muda wa kuitoa nao umewekwa: ndani ya miezi 6 tangu mzunguko wa likizo, yaani miezi 12 ya kazi, uishe, au miezi 12 kama mwajiriwa ameridhia na kazi kweli zinadai hivyo. Likizo za watu zinapotelea kwenye muda huu.

Mfanyakazi huomba kwa mdomo, akaambiwa "subiri kwanza, kazi zimebana". Vipindi hivyo vikipita, sheria hiyohiyo haimpi tena haki ya kulipwa fedha za siku alizokosa. Siku ya kuachishwa anadai likizo za miaka mitatu, mwajiri anajibu kwamba hakuwahi kuomba. Akikimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, fomu ya madai inatakiwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro uzuke, na siku 30 tu kama anapinga kuachishwa kwenyewe. Wengi hufika wamechelewa kwa sababu walikuwa bado wanapewa ahadi.

Tunaomba uwaagize maafisa kazi, kila wanapokagua, waanze na rejista ya likizo. Iwe na tarehe ya maombi, jibu la mwajiri na sababu yake, tarehe ya kuanza na tarehe ya malipo. Hiyo ya mwisho isirukwe, maana mshahara wa likizo hulipwa kabla mtu hajaondoka. Pasipo na jibu la maandishi, mwajiri apewe amri ya utekelezaji, yaani agizo rasmi la kutimiza sheria.

Aina ya likizo nayo iandikwe. Mtu akiugua wiki mbili, mara nyingi siku hizo hukatwa kwenye zile 28, na hilo ni kosa. Ugonjwa una siku zake 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Kwa msiba, au mtoto kuugua, zipo siku 4 zenye malipo kwa miezi hiyohiyo 36, hata kama misiba ni mitatu. Ni chache mno, tunasema wazi. Za ziada hutolewa kwa ridhaa ya mwajiri, bila malipo, na zisipoandikwa hugeuzwa kuwa utoro.

Wakati rejista hizo zinasubiriwa, mfanyakazi aandike maombi nakala mbili, moja isainiwe na kuwekwa tarehe na aliyeipokea, aitunze nyumbani. Akiondoka kazini katikati ya mzunguko, adai mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi: siku 130 ni mishahara ya siku 10.

Ndugu Kamishna, ukaguzi wa namna hii hauhitaji sheria mpya. Tunasubiri waraka wako kwa maafisa kazi.