Barua kwa Shoga Yangu Aliyepewa Bweni

Mkoani Dodoma,
28 Desemba 2024

Shoga yangu mpendwa Rehema,

Mbukwa! Natumaini wewe na wanao ni wazima. Sisi huku hatujambo. Mvua za kwanza zimenyesha, vumbi limetulia, na Mama ameshapanda uwele nyuma ya nyumba kabla majirani hawajatoa majembe. Barua yako niliipata wiki iliyopita kwa mkono wa dada yako. Niliposoma kwamba umeteuliwa kuwa matroni, na kwamba kuanzia Januari utakuwa na wasichana 72 wanaolala chini ya uangalizi wako, nilifurahi sana, kisha nikakaa kimya kitandani na barua mkononi. Sababu ya ule ukimya nitakueleza. Kwanza nikujibu ulichoniuliza, kazi ya zimamoto katika mji mdogo inakuwaje mwaka mzima, maana uliandika kwamba huko kwenu watu wanadhani tunakaa tu kusubiri moto.

Mwaka wetu ulianza na maji. Unayajua makorongo ya huku: miezi mingi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo. Ikinyesha milimani usiku, asubuhi unaona mbingu nyeupe kabisa, na korongo linashuka limejaa matope na magogo. Kuanzia Januari hadi Aprili tulitoka zaidi kwa maji kuliko kwa moto. Kijana mmoja wa bodaboda alidhani maji yanamfika magotini. Tulimkuta amekumbatia mgunga katikati ya korongo, pikipiki imeshakwenda. Nilivuka kwa kamba pamoja na Koplo wetu, tukamfunga kifuani, tukavutwa wote watatu. Tulipofika nchi kavu vidole vyake vilikuwa bado vimejikunja kama vinashika gome. Ilibidi tuvinyooshe kimoja kimoja, huku analia na kuuliza kama mkaa wa watu aliokuwa amebeba umepona.

Ya vyoo vya shimo sitayaandika kwa kirefu kwa sababu yananiuma. Simu inatumbukia, mtu anashuka kuifuata, hewa ya humo haina uhai, anaanguka. Ndugu yake anamfuata kumwokoa, naye anaanguka. Mwaka huu nyumba moja ilipoteza kaka wawili namna hiyo. Sisi tunashuka na mtungi wa hewa mgongoni na kamba kiunoni, lakini siku ile tulipofika palikuwa na kutoa miili tu. Kuanzia hapo mkuu wetu wa kituo aliagiza kila tunapokutana na watu, iwe mnadani au msibani, lisemwe jambo hilo: aliyeanguka shimoni usimfuate, piga 114, namba ya zimamoto. Wazee wengi wananijibu kwamba kumwacha ndugu shimoni ni uoga. Huwa nakaa nao hadi tuelewane.

Kiangazi kilipoingia ndipo moto ukaanza. Nikusimulie wa Septemba, maana ndio uliobadilisha mambo hapa.

Ilikuwa saa nane usiku na upepo wa kiangazi unavuma. Mtu alipiga simu, akasema, "Njooni, kunaungua!" akakata. Tulipompigia, mara ya tatu ndipo akapokea. "Wapi?" "Kwenye mashine." Rehema, mji huu una mashine za kukamua alizeti kila mtaa. Tuliondoka tukitafuta moshi gizani. Ulikuwa mwanga mwekundu nyuma ya bati, na harufu ya mafuta ya alizeti yaliyoungua, nzito, inayoganda kooni. Rundo la mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, lilikuwa linafuka. Mashudu yakirundikwa bado yana joto na mafuta, yanajichemsha yenyewe ndani kwa ndani, na siku ya pili au ya tatu yanashika moto bila mtu kuwasha kiberiti. Ukimwagia juu yanazima, chini yanaendelea. Ni lazima kuyachimba kwa koleo huku mwenzako anamwaga maji mbele ya miguu yako.

Gari letu linabeba lita 5,000. Ukifungua mpira mmoja wa maji kwa nguvu zake zote, unakula lita 400 hadi 500 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe: dakika kumi na kidogo. Mipira miwili, dakika tano au sita. Pakiwa na ghala la mahindi la jirani ukutani kabisa huwezi kutumia mmoja. Tulitumia miwili, maji yakaisha, dereva akaondoka kwenda kujaza. Na hapo ndipo mama mmoja alipopaza sauti, "Wamekuja bila maji!" Watu wote wakaitikia. Nilikuwa nimeshika koleo, masizi usoni, namsikia.

Neno hilo nalisikia tangu nilipotoka mafunzoni Chogo, kwenye chuo cha zimamoto, na linanichoma kila mara. Najua linatoka wapi. Mtu anayeona mali yake inaungua anahesabu sekunde, na gari linapogeuka na kuondoka haoni tofauti kati ya lililokwenda kujaza na lililokuja tupu. Lakini maji ya kujazia ndiyo tabu ya Dodoma. Mji usio na bomba la zimamoto barabarani, kiangazi, umeme umekatika na kisima hakisukumi, gari litajaza wapi? Usiku ule lilijaza kwenye tangi la shule, likarudi baada ya dakika ishirini na tano. Sisi tuliobaki tulikata njia ya moto kwa koleo na mchanga kati ya mashudu na ghala. Vijana wa mtaa walitusaidia, na nawashukuru hadi leo. Mashine iliungua. Ghala la mahindi lilipona, na ndani yake mlikuwa na magunia ya watu zaidi ya thelathini.

Wiki iliyofuata mkuu wa kituo hakungoja kuitwa. Aliwaita wenye mashine na wafanyabiashara wa nafaka, akachora chini kwa kijiti: gari, lita, dakika. Aliwaonyesha wapi maji yaliisha na wapi yalipatikana. Kulikuwa na ubishi mrefu. Mwisho wakakubaliana waweke matangi mawili ya lita 10,000 kila moja, yenye koki inayoingiana na mpira wetu, na mlinzi wa usiku awe na jukumu la kuhakikisha yamejaa. Tangi la kwanza lilisimama Oktoba, la pili Novemba. Yule mama aliyepaza sauti ndiye aliyekusanya michango ya upande wa soko. Kila Jumatatu mmoja wetu anapita kugonga matangi kwa kifundo cha kidole kusikia kama yamejaa. Hiyo sasa ni sehemu ya zamu.

Barabara kuu nayo ina mambo yake. Malori ya mafuta yanapita hapa usiku na mchana kutoka Dar es Salaam, na sote tunayakumbuka ya Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walivyoteketea kwa kuchota mafuta ya lori lililopinduka. Mwaka huu lori moja lilianguka kilomita chache kutoka kwetu. Tulipofika, watu walikuwa wameshakuja na ndoo na madumu. Hatukuanza na povu, tulianza na watu. Nilikwenda kwa bodaboda mmoja mmoja nikiwaambia kwa sauti ya kawaida, "Kaka, zima injini, sukuma pikipiki kwa mkono, usiiwashe hapa." Walitii. Petroli haikuwaka. Tulisimama pale hadi saa kumi na moja alfajiri na hakuna aliyeumia.

Kazi nyingine ni za mchana na hazina king'ora. Tunakagua maduka, nyumba za wageni na vituo vya mafuta, kama sheria ya mwaka 2007 inavyotutaka, na wengi hudhani tumefuata pesa. Dukani kwa mzee mmoja nilikuta mtungi wa kuzimia moto umewekwa kuzuia mlango usijifunge, mshale umelala kwenye nyekundu, vumbi limejaa kwenye pini. Sikumfokea. Tulikwenda nyuma ya duka, nikawasha moto mdogo kwenye karai, nikampa mtungi wangu wa mazoezi auzime mwenyewe. Alitetemeka mikono. Siku ya pili alinipigia kuniambia amenunua mpya na ameutundika ukutani.

Na gesi! Tangu Mei, ulipozinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034, mitungi imeingia hadi kwenye nyumba za tembe. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote, nimeona macho ya Mama yalivyoharibiwa na moshi. Ila mtungi umefika kabla ya maelezo. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada, na Ijumaa baada ya swala, tunaomba dakika kumi. Tunawaambia gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutambaa sakafuni, kwa hiyo fungua mlango na madirisha, usiguse swichi ya taa, wala kuwasha wala kuzima. Mpira unapimwa kwa povu la sabuni: likitoa viputo, unavuja. Mama mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa alisimama akasema yeye hupima kwa kiberiti. Ukumbi mzima ulinyamaza. Nilimwendea hadi nyumbani siku hiyo hiyo.

Tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu, kikosi kizima kilijitolea hospitali ya wilaya. Tumepanda miti, tumewatembelea wanafunzi wa msingi na kuwafundisha kutaja mahali wanapopiga 114: jina la mtaa, kilicho jirani, kinachoungua ni nini, kuna mtu ndani au la, na wasikate simu. Watoto wanashika upesi kuliko baba zao. Na Novemba, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, tulikaa kituoni macho yako kwenye televisheni, tukiwatazama wenzetu wakitoboa zege kuwafikia waliofukiwa. Hakuna aliyegusa chakula.

Sasa nifike kwenye bweni lako.

Unakumbuka letu? Vitanda vya ngazi vimebanana, nondo madirishani, mlango mmoja, na saa nne usiku kufuli kubwa linafungwa kwa nje. Matroni analala ng'ambo ya uwanja na funguo chini ya mto. Wewe ulikuwa unasoma kwa mshumaa chini ya kanga, kitanda cha juu, na mimi nakuonea wivu kwa sababu ulikuwa unafaulu. Miaka ile sikuwaza lolote. Sasa nawaza kila ninapoingia katika bweni.

Mwaka 1994 Shauritanga, Kilimanjaro, wasichana wapatao 40 walikufa kwa moto bwenini. Mwaka 2009 Idodi, Iringa, 12. Septemba 2020 Kyerwa, Kagera, watoto 10. Nimefunzwa kinachotokea ndani: godoro la sponji likishika moto linatoa moshi mweusi wenye sumu, unaoshuka kutoka darini. Mtoto anayesimama anavuta moshi huo mara mbili tatu, anaanguka. Anayetambaa chini ana nafasi, kama mlango unafunguka. Hatuwezi kufika kwa wakati, Rehema. Hata kituo kikiwa jirani, hatuwezi. Atakayekuwepo ni wewe.

Najua kwa nini kufuli linafungwa kwa nje. Unaogopa wezi, unaogopa wanaume, unaogopa wazazi watasema nini. Hofu hizo ni za kweli na sikuombi uache mlango wazi. Nakuomba mlango ufungwe kwa ndani, kwa komeo ambalo msichana wa kidato cha kwanza anaweza kulivuta gizani. Nakuomba uwepo mlango wa pili upande wa pili, na usiwekewe kitanda wala masanduku mbele yake. Kwenye madirisha angalau mawili, nondo ziwe na bawaba. Fundi wa kuchomelea anafanya hivyo kwa siku moja. Na waambie wasichana wakitoka wakusanyike wapi, mkononi mwako iwepo orodha ya waliolala usiku huo, siyo ya walioandikishwa mwaka.

Shule zinafunguliwa wiki ya pili ya Januari. Nimeomba ruhusa ya siku mbili kabla ya hapo na mkuu wangu amekubali. Nitapanda basi la asubuhi. Naomba umwombe mwalimu mkuu anipokee, na unikusanyie funguo zote za bweni, hata zile za zamani ambazo hamjui zinafungua nini. Nitaleta futi kamba na mtungi wa mazoezi. Wasichana wakishafika nitarudi tena nilale nao usiku mmoja, tuwaamshe saa tisa, tuhesabu dakika wanazotumia kutoka. Ukiwa na tochi yenye betri nzima, iweke kando ya kitanda chako kuanzia sasa.

Nisalimie watoto. Mama anakuletea ubuyu na mlenda mkavu, nitakuja navyo.

Wako akupendaye,
Mama Amani