Kuhusu Kuhama Bweni: Barua kwa Wazazi kutoka Kampala

Wapendwa Baba na Mama,

Assalaam alaykum. Shikamooni nyote wawili, na shikamoo yangu imfikie Bibi pamoja na dua za afya na umri mrefu. Mimi ni mzima, masomo yangu ya udaktari hapa Chuo Kikuu cha Makerere yanaendelea vizuri, na hofu yangu ni juu yenu mlio mbali nami.

Baba, ujumbe wako nimeupata, nami naona wazi kwamba umeuandika kwa huruma ya mzazi. Umeniomba nifikirie kuhama bwenini na kwenda kukaa katika nyumba ile ya mtaa wa Kikoni pamoja na wenzetu kutoka Tanzania, ili niwe na watu wa kuzungumza nao Kiswahili, wa kupika nao chakula cha nyumbani na wa kuniuguza nikipatwa na maradhi. Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kabla sijalijibu, naomba niwaeleze jinsi ninavyoishi, kwa sababu jibu langu limo humo.

Chumbani tuko watatu. Mmoja wa wenzangu ni wa kabila la Waganda, kutoka upande wa Masaka, na mwingine ametoka Arua, kaskazini-magharibi mwa nchi, karibu na mpaka wa Kongo. Huyu wa Arua anajua Kiswahili tangu utotoni, kwani kwao watu wengi hukitumia sokoni na njiani, ingawa lafudhi yake si kama yetu ya Tanga na mara nyingine hunibidi nimwombe arudie maneno yake. Usiku tukimaliza kusoma huzungumza naye hadi usingizi unatushinda. Kwa hiyo, Mama, usidhani kwamba ninakaa kimya siku nzima kama mtu aliyefungiwa.

Kuhusu chakula najua una wasiwasi zaidi kuliko Baba. Ni kweli kwamba nazi ni adimu na bei yake ni kubwa, hivyo wali wa nazi nimeuweka kwa siku za sikukuu. Hata hivyo sijalala njaa. Matoke ya hapa hufungwa katika majani ya mgomba, yakapikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa mpaka yakawa laini na ya manjano, kisha huliwa kwa mchuzi wa karanga mzito, na samaki wa ziwa wapo tele. Nyama nayo isikutie shaka, kwa kuwa wachinjaji wengi wa hapa ni Waislamu. Ijumaa huswali katika msikiti wa chuo, na mara mojamoja huenda Kibuli, ambako msikiti umejengwa juu ya kilima na ukisimama uani waona sehemu kubwa ya jiji. Imamu mmoja alipojua kwamba nimetoka pwani alinikumbusha kwamba Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844 kwa wafanyabiashara waliofika kutoka kwetu, akaniombea dua mbele ya wanawake wengine. Siku hiyo nilijisikia mwenyeji.

Mambo ya karatasi yamekwisha. Kibali cha mwanafunzi nimekipata bila kutozwa ada, kama ilivyo haki yetu raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bodaboda sipandi ovyo, nami siku zote huvaa kofia ngumu. Mara nyingi huenda kwa miguu kutoka kilima cha Makerere, nikateremka hadi Wandegeya, kisha nikapanda kwenda hospitali ya Mulago, ambako ndiko tunakosomea udaktari. Baridi ya asubuhi ilinisumbua mwanzoni, kwa kuwa mji huu uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini sasa nina sweta nzuri.

Sasa nije kwenye masomo, maana hapa ndipo penye sababu yangu. Hatufundishwi kwa kukaa na kumsikiliza mwalimu peke yake. Tunagawanywa katika vikundi vidogo, tunasomewa habari za mgonjwa, nasi tunajadiliana ni jambo gani tunalijua na ni jambo gani hatulijui. Kila mmoja huondoka na swali lake la kwenda kulitafutia majibu maktabani, kisha hurudi kuwaeleza wenzake. Baadaye tutapelekwa wilayani kukaa na wanavijiji na kujifunza katika vituo vya afya. Ninaupenda sana mtindo huu, kwa sababu unamlazimisha mtu aanze na mgonjwa kabla hajaanza na kitabu.

Hivi karibuni tuliruhusiwa kuwafuata wanafunzi wa miaka ya juu wodini. Kitandani alikuwepo bibi mmoja wa makamo ya Bibi yetu, amevaa gomesi, lile gauni refu la wanawake wa huku, na kando yake amekaa mjukuu wake. Aliulizwa anaumwa nini. Akaeleza kwa muda mrefu, taratibu, akaupitisha mkono kutoka ubavuni hadi mgongoni, akanyamaza kidogo, akafuta macho kwa ncha ya nguo yake, kisha akaendelea. Alipomaliza, mjukuu alitugeukia sisi tusiojua Kiganda akasema, "Anasema tumbo linamuuma." Basi. Tulipotoka nje mwenzangu wa Masaka alinieleza kwamba yule bibi alikuwa amesema maumivu yalianza wiki aliyomzika mwanawe, kwamba tangu hapo chakula hakipiti, na kwamba usiku maumivu huhamia mgongoni kiasi cha kumfanya alale amekaa. Baba, yote hayo yalikuwa dawa mkononi mwa mtu anayeweza kuyasikia, nami nilikuwa nimesimama pale pale bila kuyasikia.

Najua utaniambia kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Ndivyo Katiba inavyosema tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Nafurahi kwa hatua hizo. Lakini wagonjwa wengi wa Mulago hawakizungumzi, na baadhi ya wazee wana sababu ya kutokipenda, kwani kwa miaka mingi walikisikia kinywani mwa askari waliokuja kuwatisha. Wapo pia wanaokikumbuka kwa wema. Fundi mmoja wa viatu pale Wandegeya, aliposikia lafudhi yangu, alinipa kigoda chake nikae, akanisimulia jinsi alivyokuwa kijana mdogo Aprili 1979 majeshi yetu yalipoingia Kampala, na jinsi watu walivyotoka majumbani kuwashangilia wakombozi. Tafadhali mwambieni Bibi amfikishie kaka yake habari hizi, kwa kuwa yeye alikuwemo vitani na sidhani kama amewahi kupelekewa salamu za namna hiyo.

Kwa hayo yote, Baba, naomba ruhusa yako nibaki bwenini. Sikatai wenzetu wa Kikoni. Ni watu wema, nami huwatembelea mwisho wa juma na tumekubaliana kwamba nikiugua wao ndio watakaopigiwa simu kwanza. Lakini nikihamia kwao nitazungumza Kiswahili asubuhi na jioni, nami nitamaliza miaka mitano nikiwa bado nahitaji mjukuu wa mtu anitafsirie. Mwenzangu wa Masaka amekubali kunifundisha Kiganda kila jioni baada ya Isha, nami ninamsaidia somo la kemia ya mwili ambalo linampa taabu. Amenialika kwao pia. Huko nilimwona akipiga magoti mkekani kumwamkia baba yake, nami nikafanya vivyo hivyo. Usishtuke kwa hilo: ni adabu yao kwa wakubwa, na Waislamu wa huku nao hufanya hivyo.

Wewe mwenyewe uliniambia siku niliyopata nafasi hii kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Makerere, nawe ulijivuna kuitaja. Mimi nimeongeza jambo jingine moyoni: mwaka 1945 chuo hiki kilipokea wasichana wake wa kwanza, wakiwa 6 tu. Nikiwa njiani kwenda darasani huwafikiria mara nyingi, hasa siku za mitihani.

Naomba unijibu kabla ya muhula huu kwisha, kwa sababu majina ya watakaobaki bwenini huandikishwa mapema na nafasi ni chache. Mama, akipatikana mtu wa kuaminika anayekuja huku, nitumie bizari ya pilau, iliki na kanga mbili, moja yangu na moja ya mama wa Masaka aliyenikaribisha kwake. Wadogo zangu wasalimieni wote, na yule wa kidato cha nne aambiwe kwamba daftari zangu za baiolojia ziko ndani ya sanduku la bati, chini ya mashuka.

Wassalaam,

Binti yenu awapendaye